Charles Swynnerton

Charles Francis Massy Swynnerton (3 Desemba 1877 – 8 Juni 1938) alikuwa mwanabiolojia kutoka Uingereza na mkuu wa kwanza wa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika (1919–1929). Kuanzia mwaka 1929 hadi kifo chake alikuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o katika nchi hiyohiyo. Kazi yake kubwa ilifanyika Shinyanga, katika Usukuma.

Anajulikana hasa kwa juhudi zake za kupambana na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, bila kuwaangamiza wanyamapori ambao damu yao hulisha mdudu huyo. Wakati wake, wafugaji na maofisa wengi waliona kwamba dawa ya nagana ni bunduki: kuwaua nyati, ngiri, tandala na wengineo mpaka mbung'o wakose chakula. Swynnerton alishika njia nyingine, yaani kubadilisha makazi ya mbung'o kwa kufyeka vichaka, kupanga moto wa nyika na kuwaweka watu katika ardhi iliyosafishwa. Njia hiyo iliokoa ng'ombe wengi, lakini nayo ilikuwa na gharama yake.

Spishi moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ilipewa jina lake, na pia ndege mdogo wa misitu ya milimani, Swynnertonia swynnertoni.

Maisha ya awali

Swynnerton alizaliwa Lowestoft, mjini pwani katika eneo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa jeshi la Waingereza huko Uhindi, kwa hiyo sehemu ya utoto wake aliishi Uhindi. Baadaye alisoma katika shule ya Lancing College nchini Uingereza.

Mwaka 1897, akiwa bado kijana, alisafiri kwenda kusini mwa Afrika. Baada ya muda alihamia Rhodesia Kusini (leo Zimbabwe), akawa msimamizi wa shamba lililoitwa Gungunyana. Shamba hilo lilikuwa karibu na Mlima Selinda na msitu wa Chirinda, mpakani na Msumbiji iliyokuwa koloni la Ureno. Aliishi huko hadi mwaka 1919.

Shamba na elimu ya viumbe

Katika miaka ya Gungunyana Swynnerton alikuwa mkulima kwa riziki na mwanasayansi kwa mapenzi. Alikusanya mimea, ndege na wadudu, na kuwapelekea wataalamu wa makumbusho huko London. Ndege mmoja aliyempata katika misitu ile alielezwa kisayansi mwaka 1906 na kupewa jina lake. Baadaye ndege huyo aligunduliwa pia Tanzania, katika misitu ya Udzungwa na Usambara Mashariki.

Hakutosheka na kukusanya. Alifanya majaribio. Aliwapa ndege vipepeo wa aina mbalimbali ili aone wapi wanaliwa na wapi wanakataliwa, kwa kuwa alitaka kujua kama rangi kali za vipepeo ni onyo kwa adui. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1919. Vilevile aliweka mayai ya kigeni katika viota ili kujua kama ndege wanatambua yai lisilo lao, jambo linalohusu ndege kama kekeo wanaotaga katika viota vya wengine. Makala yake juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1918 na bado inatajwa na watafiti wa ndege.

Tabia hii ya kujaribu kwanza kabla ya kutoa hukumu aliingia nayo katika suala la mbung'o.

Mzila na mbung'o wa Mossurise

Mwaka 1918 Swynnerton alichunguza mbung'o wa Mossurise ya kaskazini, upande wa Msumbiji wa mpaka. Taarifa yake ndefu ilichapishwa mwaka 1921. Sehemu muhimu ya taarifa hiyo haikutoka katika darubini bali kwa wazee wa eneo hilo.

Wazee walikumbuka enzi za Mzila, mfalme wa dola la Gaza, aliyetawala kuanzia miaka ya 1860 hadi 1884. Mzila alitaka kufuga ng'ombe katika ardhi iliyokuwa na mbung'o. Aliamuru watu wakae kwa wingi pamoja, walime, wakate vichaka na kuwinda wanyama wa eneo hilo. Pori likasogea mbali, mbung'o wakapungua, na ng'ombe wakaishi mahali ambapo zamani walikufa. Mwaka 1889 mwanawe, Ngungunyane, alihamisha makao yake makuu kwenda kusini na kuondoka na watu wengi. Mashamba yakaachwa, vichaka vikaota, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao.

Swynnerton alitoa mafunzo mawili katika habari hiyo. La kwanza, Waafrika walijua kuzuia mbung'o kabla ya serikali za kikoloni kufika. La pili, mbung'o hushindwa na wingi wa watu waliotulia katika ardhi, na hupata nguvu pale watu wanapoondoka. Mawazo haya mawili yalimwongoza Tanganyika.

Nagana na suala la wanyamapori

Ili kuelewa kazi ya Swynnerton ni lazima kujua ugonjwa wenyewe. Nagana husababishwa na vimelea vidogo vya damu viitwavyo tripanosoma. Daktari David Bruce alivitambua katika damu ya ng'ombe wagonjwa huko Uzulu, Afrika Kusini, mnamo miaka ya 1894–1895, na kuonyesha kwamba vinaenezwa na mbung'o. Ng'ombe aliyeambukizwa hukonda, hupungukiwa damu, hutupa mimba na mara nyingi hufa. Wanyamapori wengi hubeba vimelea hivyohivyo bila kuugua. Aina nyingine ya vimelea hivyo huwapata binadamu na kuleta malale.

Mbung'o huishi kwa damu tu, dume na jike. Jike hazai kwa wingi kama nzi wengine: huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, naye hujichimbia udongoni kivulini na kugeuka bundo. Kwa sababu hiyo mbung'o wanahitaji mambo mawili, yaani damu na kivuli. Anayetaka kuwaondoa anaweza kushambulia la kwanza au la pili.

Hoja ya kushambulia damu ilipata nguvu kutokana na sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo ulienea kutoka pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara, ukaua ng'ombe wengi mno pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Baada ya sotoka kupita, mbung'o walitoweka katika maeneo makubwa ya kusini mwa Afrika. Watu wengi walihitimisha kwamba ukimaliza wanyama unamaliza mbung'o. Huko Rhodesia Kusini serikali ilianza kujaribu mpango wa kuua wanyamapori kwa ajili hiyo mnamo mwaka 1919.

Katika Tanganyika mambo yalikwenda kinyume. Sotoka iliwaacha wafugaji maskini, kisha njaa, vita vya ukoloni na hatimaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikapunguza watu na kuacha mashamba. Vichaka vikaenea juu ya makao ya zamani. Wanyamapori walirudi upesi kuliko watu, na mbung'o wakawafuata. Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, ilikadiriwa kwamba takriban theluthi mbili ya Tanganyika ilikuwa na mbung'o.

Sehemu nyingine zilinusurika kwa sababu ya hali ya hewa. Nyanda za juu zenye baridi, kwa mfano Rungwe, hazifai kwa mbung'o. Ndiyo maana Wanyakyusa wa Kisondela na maeneo ya jirani waliweza kufuga ng'ombe kando ya migomba yao kwa vizazi vingi, ingawa sotoka, isiyohitaji mbung'o ili isambae, iliwafikia. Wafugaji wa nyanda za chini, kama Wasukuma na Wanyamwezi, hawakuwa na kinga hiyo ya baridi. Kwao mpaka wa pori ulikuwa ndio mpaka wa malisho.

Mkuu wa wanyamapori Tanganyika

Mwaka 1919 Swynnerton aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Ofisa wa idara hiyo alijulikana na wananchi kama bwana nyama. Kazi ya idara ilikuwa na pande mbili zisizopatana kwa urahisi: kuwalinda wanyama dhidi ya uwindaji holela, na kuwalinda wakulima dhidi ya wanyama, hasa tembo waliovamia mashamba.

Katika kipindi chake ilitolewa sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 1921. Mapori ya akiba yaliyoanzishwa na Wajerumani yaliendelezwa, na mwaka 1922 eneo kubwa la kusini mashariki lilipewa jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Kwa wenyeji sheria hizo zilikuwa na uchungu wake. Uwindaji ambao babu zao waliufanya kwa haki sasa ulihitaji kibali, na aliyekamatwa bila kibali aliadhibiwa, huku wageni wenye leseni wakiwinda kwa burudani.

Swynnerton aliona kwamba idara yake haiwezi kukwepa suala la nagana. Mkuu wa wanyamapori asiyekuwa na jibu kuhusu mbung'o angepewa jibu na wengine, na jibu hilo lingekuwa kuwaua wanyama. Kwa hiyo tangu mwanzo alitumia sehemu kubwa ya muda wake kwa uchunguzi wa mbung'o. Hakukataa kabisa kuua wanyama. Alikubali kwamba mahali fulani inaweza kusaidia. Alilopinga ni kulifanya kuwa kanuni ya nchi nzima kabla ya kujaribu njia nyingine.

Malale ya Maswa

Mwaka 1922 kulitokea mlipuko wa malale katika eneo la Maswa, kusini mashariki mwa Mwanza. Swynnerton alikwenda kuchunguza upande wa wadudu, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1923. Mbung'o waliohusika walikuwa wa spishi ambayo ilikuwa haijatambuliwa rasmi. Mtaalamu E. E. Austen aliieleza na kuiita Glossina swynnertoni. Spishi hii inapatikana katika eneo dogo tu la dunia: kaskazini mwa Tanzania na sehemu ya kusini magharibi mwa Kenya.

Mlipuko huo ulionyesha kwamba suala halikuwa la ng'ombe peke yao. Katika miaka iliyofuata serikali iliwahamisha watu wengi wa maeneo ya malale na kuwaweka katika makazi makubwa ya pamoja, ili kilimo chao kisukume pori mbali. Kwa namna fulani ilikuwa mbinu ya Mzila ikirudiwa na serikali ya kikoloni. Wengi waliohamishwa waliacha makaburi ya wazee wao, mizinga ya nyuki na mashamba waliyoyajua.

Majaribio ya Shinyanga

Shinyanga ilikuwa mahali pa kufaa kwa majaribio. Huko Wasukuma walikuwa wengi, walikuwa na ng'ombe wengi, na mbung'o walikuwa wakisonga mbele mwaka hadi mwaka na kuwanyang'anya malisho. Swynnerton alianza kazi huko mapema katika miaka ya 1920, na taarifa yake ya kwanza ya majaribio ya Shinyanga ilitoka mwaka 1925.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa moto. Wenyeji walizoea kuchoma nyasi mapema katika kiangazi ili kupata majani mabichi ya mifugo. Moto wa mapema ni hafifu, hauui vichaka. Swynnerton alishauri nyasi zilindwe zisiungue mpaka mwisho wa kiangazi, zikauke kabisa, kisha zichomwe kwa mpango. Moto mkali wa namna hiyo huunguza vichaka na kufungua pori. Mahali pengine alijaribu kinyume chake, akazuia moto kwa miaka kadhaa ili aone kama msitu ukizidi kuwa mnene utawafukuza mbung'o wanaopenda pori la wazi.

Silaha ya pili ilikuwa shoka. Hapa alihitaji watu, na watu waliitwa na watemi. Maelfu ya wanaume wa Kisukuma walikusanyika kila mwaka baada ya mavuno kufyeka vichaka, kwa mtindo uliofanana na msaragambo. Kazi ilikwenda kwa haraka na kwa gharama ndogo sana kwa serikali, kwa sababu wafanyakazi hawakulipwa kama vibarua. Wasukuma walikuwa na sababu yao wenyewe ya kushiriki: kila ukanda uliosafishwa ulikuwa malisho na shamba. Hata hivyo haikuwa hiari tupu. Amri ya mtemi ilikuwa na nguvu ya serikali nyuma yake.

Jambo la tatu lilikuwa makazi. Swynnerton alijua kutokana na Mossurise kwamba ardhi iliyofyekwa na kuachwa hurudi kuwa pori baada ya misimu michache. Hivyo watu walihimizwa kuhamia katika maeneo mapya na mifugo yao, kwa kuwa jembe na midomo ya ng'ombe na mbuzi huzuia machipukizi. Katika miaka ya 1920 na 1930 mpaka wa mbung'o ulisukumwa nyuma katika sehemu nyingi za Shinyanga, na ng'ombe wakarudi mahali walipokuwa wamefukuzwa.

Kituo cha utafiti

Mwaka 1929 utafiti wa mbung'o ulitengwa na Idara ya Wanyamapori, na Swynnerton akawa mkurugenzi wake. Kazi ilifanyika Kondoa Irangi na hasa Shinyanga. Kituo hicho kilikuja kuwa moja ya vituo mashuhuri vya utafiti wa wadudu katika Afrika.

Miongoni mwa watafiti wake alikuwa C. H. N. Jackson, aliyebuni njia za kuhesabu mbung'o wa porini. Walikamatwa kwa wavu wa mkono, wakatiwa nukta ndogo za rangi mgongoni na kuachiliwa. Kisha idadi ya waliokamatwa tena ilitumiwa kukadiria wingi wa mbung'o wote wa eneo. Mbinu hiyo ilikuwa na umuhimu mkubwa katika ekolojia nje ya suala la mbung'o. W. H. Potts alishughulikia uainishaji na usambazaji wa spishi. B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea, alichunguza aina za pori ambamo mbung'o wanaishi, kwa maana kila spishi ya mbung'o ina pori lake.

Kazi ya kila siku ilitegemea vijana wa Kiafrika waliotembea njia maalumu porini, saa baada ya saa, wakiwakamata mbung'o na kuandika mahali na jinsi ya kila mmoja. Walijua pori kuliko wakuu wao na waliumwa na mbung'o zaidi yao. Majina yao ni nadra kutajwa katika maandishi ya kisayansi yaliyotokana na jasho lao.

Mwaka 1936 Swynnerton alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, chenye kurasa zaidi ya 500. Ndani yake alikusanya matokeo ya miaka mingi: chakula cha mbung'o, kivuli wanachopenda, mwendo wao, mitego, moto, ufyekaji na makazi ya watu. Wazo lake kuu ni kwamba hakuna dawa moja ya mbung'o wote. Kila spishi ina sehemu dhaifu katika maisha yake, na anayeijua anaweza kukata vichaka vichache vinavyohitajika badala ya pori lote, au kugusa mahali padogo badala ya kuua wanyama wa nchi nzima.

Kifo

Swynnerton alipewa nishani ya CMG na serikali ya Uingereza kwa ajili ya kazi yake. Tarehe 8 Juni 1938 alikuwa safarini kwa ndege kwenda Dar es Salaam ili kuvishwa nishani hiyo. Ndege ilianguka, naye akafa pamoja na B. D. Burtt aliyekuwa akisafiri naye. Alikuwa na umri wa miaka 60. Kwa siku moja kituo kilipoteza mkurugenzi wake na mtaalamu wake wa mimea. Utafiti wa Burtt juu ya uoto wa Afrika Mashariki ulitayarishwa na Jackson na kuchapishwa mwaka 1942.

Mwanawe Swynnerton, Roger Swynnerton (1911–2000), alikuwa bwana shamba Tanganyika na baadaye Kenya. Mpango wa kilimo wa Kenya wa mwaka 1954 unaojulikana kama Mpango wa Swynnerton ni kazi ya mwana huyo, wala si ya baba. Wasomaji mara nyingi huwachanganya wawili hao.

Baada yake: bunduki zarudi

Swynnerton alipokuwa hai alizuia hoja ya bunduki isitawale Tanganyika. Baada ya kifo chake ilijaribiwa Shinyanga kwenyewe. Katika miaka ya 1940 wanyamapori kwa maelfu waliuawa katika eneo lililochaguliwa, na matokeo yalichapishwa na Potts na Jackson mwaka 1952. Mbung'o walipungua sana. Kwa waliounga mkono uuaji, huo ulikuwa ushahidi kwamba njia hiyo inafanya kazi.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi. Rhodesia Kusini iliendelea na uuaji kwa miongo kadhaa, na idadi ya wanyama waliouawa ilifikia mamia ya maelfu. Huko Uzulu makumi ya maelfu waliuawa kandokando ya hifadhi. Uganda nayo ilitumia njia hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu B. Weitz alianza kuchunguza damu iliyomo tumboni mwa mbung'o ili kujua imetoka kwa mnyama gani. Ilionekana kwamba mbung'o wanachagua. Ngiri, nyati, tandala na pongo walikuwa chakula chao kikubwa katika maeneo mengi, lakini pundamilia, nyumbu na swala pala hawakuumwa ila kwa nadra, hata pale walipokuwa wengi. Maana yake ni kwamba wanyama wengi waliopigwa risasi kwa jina la nagana hawakuwa na mchango wowote wa maana katika kuwalisha mbung'o. Msisitizo wa Swynnerton wa kumjua mdudu kwanza ulipata uthibitisho, lakini baada ya wanyama wengi kufa.

Polepole njia nyingine zikachukua nafasi ya bunduki: viuawadudu, mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi, na dawa za mifugo. Katika miaka ya 1940 F. L. Vanderplank, mtafiti wa Shinyanga, aliachilia mbung'o wa spishi nyingine katika eneo la Glossina swynnertoni, kwa kuwa spishi hizo mbili zikijamiiana uzazi huharibika. Jaribio hilo linatajwa miongoni mwa chanzo cha wazo la kutumia madume tasa. Wazo lenyewe lilifanikiwa kwa mionzi katika kisiwa cha Unguja: madume waliozalishwa na kufanywa tasa mjini Tanga walimwagwa kwa ndege, na mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o. Hakuna mnyamapori aliyehitaji kuuawa.

Gharama ya shoka

Njia ya Swynnerton iliwahifadhi wanyama, lakini iliyaondoa makazi yao. Nyati au tandala ambaye hakupigwa risasi aliondoka pia pale vichaka vilipofyekwa. Kwa mnyama wa eneo lile tofauti kati ya bunduki na shoka haikuwa kubwa kama ilivyoonekana katika vitabu.

Ardhi nayo ilibadilika. Ng'ombe wa Usukuma waliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 serikali ileile iliyohimiza ufyekaji ilianza kulalamika kwamba mifugo imezidi. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulitaka ng'ombe wapunguzwe, na ulazima huo uliwaudhi wafugaji waliokuwa wamefyeka pori kwa mikono yao ili ng'ombe haohao waishi. Uchungu huo ulikuwa sehemu ya manung'uniko yaliyokuza siasa za kudai uhuru katika Usukuma wakati wa miaka ya 1950.

Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa haina miti. Kuni zilipatikana mbali, udongo ulichukuliwa na maji, na watu walizungumza juu ya jangwa. Ufyekaji wa pori kwa ajili ya mbung'o unahesabiwa kati ya sababu zake, pamoja na kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na ukataji wa kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliohuisha desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi. Miti ikaota tena katika maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Umuhimu

Swynnerton anahesabiwa kati ya waanzilishi wa ekolojia ya wadudu wa Afrika. Aliwasikiliza wazee wa Mossurise na kuandika kwamba ujuzi wao ulikuwa sahihi, jambo lisilo la kawaida kwa maofisa wa wakati wake. Wakati huohuo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mipango yake ilitegemea amri za watemi na nguvu za watu wasiolipwa.

Suala alilolishughulikia halijaisha. Mbung'o wanaobeba jina lake bado wapo Serengeti na Tarangire, na mitego ya vitambaa inaonekana kandokando ya njia za watalii. Wafugaji wanaoishi karibu na hifadhi bado wanapata hasara ya nagana. Nje ya Afrika swali hilo lina sura nyingine: huko Uingereza mnyama wa familia moja na nyegere amekuwa akiuawa ili kuzuia kifua kikuu cha ng'ombe, na wataalamu, wakulima na watetezi wa wanyama wanabishana juu ya faida yake. Popote ng'ombe na mnyama wa porini wanaposhiriki ugonjwa mmoja, serikali hulazimika kuamua nani atalipa gharama: mfugaji, mnyama, au ardhi. Maisha ya Swynnerton yanaonyesha kwamba kuna njia zaidi ya moja, na kwamba hakuna iliyo bure.

Tazama pia

Mbung'o
Nagana
Malale
Sotoka
Mkoa wa Shinyanga
Wasukuma